Mtu wa Kumsemea

Asubuhi niliyoondoka Kibondo sikuwa na ugomvi na mtu. Niliamka, nikafunga begi, nikamrudishia mama mwenye nyumba ufunguo wake. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwangu, kisha akasema, "Haya, ukifika utajua."

Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita. Nakwenda, nikifika najua. Wengine huita hiyo kupotea, na nimeacha zamani kubishana nao.

Kibondo ilikuwa imepoa wakati ule. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, magari meupe ya mashirika yalipungua barabarani, na nyuma yake wakapungua wauza chipsi, wafua nguo na wapangaji. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu. Siku za mwisho watu walikuwa wakija kibandani si kuchaji bali kuuliza kama nimesikia penye kazi. Ukikaa mahali ambapo kila mtu anakuuliza swali hilo hilo, utafika siku utajiuliza mwenyewe, na siku hiyo kwangu ilikuwa Jumamosi.

Karibu na soko nilikuta lori la maharage linaelekea Kasulu. Dereva aliniambia, "Panda juu. Ila ukianguka, mimi sikukupakia."

Juu ya magunia alikuwepo mwanamke mmoja, umri wangu au chini yangu kidogo. Alikuwa ametandika kitenge na kukaa juu yake, na kingine amejifunika kichwa dhidi ya vumbi. Viatu vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga mafundo mawili.

"Mwakeye," nilimsalimia kwa Kiha.

"Ego, mwakeye," aliitikia akitazama magunia, akapiga viganja vyake taratibu mara chache, kama wanavyosalimia wanawake waliolelewa vizuri kwetu huku.

Upepo ulikuwa unapiga upande wake, nikamwachia upande wangu. Baada ya hapo tulizungumza, maana safari ile barabara ikiwa ya vumbi hairuhusu usingizi. Alikuwa anakwenda Makere kwenye usaili. Kampuni moja ya asali yenye ghala Kasulu ilikuwa inatafuta watu wa kuchuja na kufungasha. Tangazo lilisomwa kanisani na msikitini, likabandikwa ofisi ya kata. Yeye zamani alifanya kazi Mtendeli, kwenye ugawaji wa chakula, akisimamia foleni ya wanawake. Kambi ilipofungwa alirudi kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, jioni anarudi na muhogo kwenye kanga, ndio ujira wake.

"Nina watoto wawili wako kwa mama," alisema. "Mkubwa juzi kaniuliza, mama, sisi shamba letu liko wapi? Nikikosa leo, kaka, sijui nitamjibu nini. Kesho kutwa niko na jembe la mtu tena."

"Umejiandaa kujieleza?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Nijieleze mwenyewe? Yupo baba mdogo Makere. Yeye ndiye atanisemea."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani ni uoga. Kwetu, jambo zito huendi kulisema peke yako. Ukiomba mchumba, ukiomba kiwanja, ukiomba radhi, unakwenda na mtu wa kukusemea. Yeye anakusifu, yeye anakujibia, wewe unakaa kando umeinamisha macho. Mtu anayekaa mbele ya mgeni na kusema mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu, wazee wanamsikiliza kwa adabu, na akishatoka wanahesabu vijiko kuona kama vyote vipo.

"Lakini hii ni kampuni," nilimwambia.

"Kampuni si ina watu?" alijibu.



Makere tulishuka wote wawili. Mimi sikuwa na sababu ya kushuka pale isipokuwa kwamba nilitaka kuona. Udadisi wangu umenigharimu viti vingi vya magari niliyokwisha kulipia nauli. Usaili ulikuwa shule ya msingi, na uwanja ulikuwa umejaa watu karibu mara mbili ya waliokuja kuomba kazi. Kila muombaji alikuwa na mtu wake. Vijana walikuja na wajomba, wasichana walikuja na mashangazi, mzee mmoja mwenye koti la sufu alikuwa amekuja kuwasemea wajukuu wake wote kwa mkupuo mmoja.

Afisa wa kampuni alitoka mlangoni akasimama. Alikuwa kijana wa mjini, shati limechomekwa, jasho limemchora mgongoni. Alitazama uwanja.

"Jamani, hii ni intavyuu au mmeleta mahari?"

Shangazi mmoja akamjibu bila kuinuka, "Yote ni kuomba, mwanangu. Wewe tupokee tu."

Uwanja mzima ulicheka. Afisa naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini akatangaza kwamba anataka muombaji aingie peke yake. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyefuata. Wa kwanza kuitwa aliingia na mjomba wake, wa pili akaingia na mama yake. Mwishoni afisa alisalimu amri nusu: wasindikizaji waingie, lakini wakae nyuma na wasifungue mdomo.

Dada yule alikuwa anamtafuta baba yake mdogo. Jirani mmoja wa mzee huyo akamwambia kwamba ameondoka alfajiri kwenda Kitanga, kuna msiba wa shemeji. Niliona bega lake moja linashuka. Alivaa viatu vyake, akavivua akakung'uta vumbi, akavivaa tena.

Mimi nilikwenda kusimama kwenye dirisha, ambalo halikuwa na kioo. Ndani yalikuwa yanaendelea mambo ambayo sijapata kuyaona. Afisa anauliza, "Tuambie kuhusu wewe." Muombaji anatazama meza. Mjomba nyuma anakohoa, amejazwa maneno kama gunia lakini amekatazwa kusema. Afisa anasubiri, anaandika kitu, anauliza jingine: "Nguvu yako kubwa ni nini?" Kijana anafikiri, anatazama mikono yake, anasema, "Naweza kubeba gunia la mahindi." Swali jingine: "Udhaifu wako ni upi?" Kijana huyo akageuka kumtazama mjomba wake, kwa maana tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu akikutana na mgeni kwa mara ya kwanza na kumwomba amtajie aibu zake.

Wote walitoka hivyo hivyo. Aliyefaulu mbele ya macho yangu alikuwa kijana mmoja aliyekulia Kigoma mjini. Aliingia bila msindikizaji, akakaa kabla ya kukaribishwa, akajitangaza kama tangazo la sabuni redioni. Yeye anapenda changamoto. Yeye ni mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya presha. Afisa alimwambia asubiri chini ya kivuli cha ofisi, na sote tukajua maana yake.

Nikiwa pale dirishani nilianza kukasirika, na hasira hiyo sijaimaliza hadi leo. Mimi nimeajiriwa mara nyingi, na kuachishwa karibu mara hizo hizo. Nimepakia chumvi, nimelinda mnara wa simu, nimeuza vocha nikiwa nimevalishwa fulana ya kampuni. Kila nilipoingia waliniuliza nijieleze. Nikishaingia, nikijieleza, waliniambia nina mdomo. Wanamtaka mtu anayeongea siku moja, na kuanzia siku ya pili awe bubu. Na pale Makere kulikuwa na uwanja mzima wa watu watulivu, ambao ndio hasa ghala lile lilihitaji, wanakataliwa kwa sababu ni watulivu.

"Kaka." Dada alikuwa nyuma yangu. "Nimebaki mimi na wale wajukuu wa mzee. Utanisemea?"

"Mimi? Umenijua leo."

"Na wewe umenijua leo. Tangu Kibondo mpaka hapa umeniuliza maswali mengi kuliko aliyoniuliza baba mdogo maishani mwake. Utashindwa kusema nini?"

Tukaingia.

Nilikuwa sijaingia darasani tangu lile la sita. Nilielekezwa dawati la nyuma, nikapachika magoti yangu mahali ambapo yanatakiwa kukaa magoti ya mtoto. Dada alipiga viganja vyake taratibu, akainama kidogo, akakaa ukingoni mwa kiti, macho chini.

"Karibu dada. Tuambie kuhusu wewe."

Aliendelea kutazama chini, kwenye ukingo wa meza. Nilihesabu pumzi zake mgongoni. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Bosi, huyu dada alikuwa anasimamia foleni ya chakula Mtendeli."

Afisa aliinua kichwa. "Nimesema wasindikizaji wakae kimya. Wewe nani yake?"

Ningeweza kusema kaka. Pale hakuna ambaye angebisha. Nikasema, "Si ndugu yake. Tumejuana leo kwenye lori."

Wasindikizaji waliokuwa wamejazana mlangoni waliangua kicheko.

"Kwa hiyo unamsemea mtu usiyemjua?" afisa aliuliza.

"Na wewe unamwajiri mtu usiyemjua. Mimi angalau nimekaa naye juu ya maharage nusu siku. Wewe unataka umjue kwa kumuuliza udhaifu wake."

"Kaka, huo ni utaratibu. Mimi natafuta mtu anayejiamini. Kama hawezi kunitazama usoni, nitajuaje hanifichi kitu?"

"Anakuheshimu. Angekukazia macho, hata mama yako nyumbani angesema hana adabu."

"Heshima haifungashi asali."

"Mdomo nao haufungashi. Niambie kweli, bosi, pale ghalani mnataka watu wa namna gani?"

Alifuta jasho. Nilivyosema, hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amechoka. "Watulivu," alisema. "Nimeambiwa Jumatatu niwe na watu watulivu, wasio na makundi, wasio na maneno mengi."

"Basi umewarudisha wote nyumbani kwao tangu asubuhi."

Afisa akatabasamu kama mtu aliyeona kitu dukani.

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La sita."

"Unatafuta kazi?"

"Siku zote."

"Nahitaji msimamizi wa zamu. Usimamizi hauhitaji cheti, unahitaji mtu anayejua kuongea na watu kama hawa. Wewe ni wa hapa, na lugha yetu sisi wa ofisini unaijua. Nikuandike?"

Nilikuwa sina kazi, sina chumba, sina mpango. Nitasema ukweli kwamba tumbo langu lilisema ndiyo kabla yangu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mtoto nyuma ya mgongo wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama yeye anahitaji kazi, na damu ikanipanda.

"Sikuja kujiombea," nilisema. "Mchukue yeye. Mimi sitaki."

Dada akageuka. Nilitegemea shukrani. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nani kakuambia ukatae?" aliniuliza. "Mimi nilikuomba unisemee, sikukuomba unikatalie kazi. Sasa akininyima mimi na wewe umekataa, tumefaidi nini?"

Mlango wote ukacheka, na mimi masikio yakawaka moto. Kisha yeye akamgeukia afisa, bado akitazama ukingo wa meza, akapiga viganja vyake mara moja, na akaanza kusema.

"Bosi, kwa kuwa ametaka kunisemea akakasirika, acha na mimi nimsemee. Huyu ni mtu mwema. Amenipa upande usio na upepo tangu Kibondo. Hana uongo, umesikia mwenyewe, angesema ni ndugu yangu na wewe ungekubali. Lakini kusimamia watu hafai. Leo asubuhi ameacha chumba chake na hajui kwa nini. Atakuachia ghala siku ambayo lori litapita. Na ana hasira za karibu. Msimamizi akikasirika mbele ya foleni, foleni inavunjika, wadhaifu wanakanyagwa. Mtendeli tulikuwa na watu wenye njaa na jua kali. Unamwita mkorofi pembeni, unamsalimia kwa jina la mtoto wake, unamrudisha. Hajawahi mtu kunirushia kitu." Hapo alishtuka, akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa amejisifu.

Afisa alikuwa ameweka kalamu chini. "Kumbe unaongea!"

"Nimeongea habari za huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Habari zangu waulize watu."

Yule shangazi mwenye maneno akasema kutoka mlangoni, "Haya, sasa tumuulize nani, na baba yake mdogo yuko msibani?" Afisa akacheka mpaka akaegemea ubao. Akamwambia dada aende akasubiri kivulini.

Alimchukua kufungasha. Usimamizi akampa yule kijana wa tangazo la sabuni. Nilipoambiwa hilo nilitaka kurudi ndani. Nilimwambia dada kwamba wamemchukua kwa sababu isiyo ya kweli, kwa vile ameongea, si kwa kile alichokisema. Na kwamba aliyosema yote yalikuwa ni ya msimamizi, mtu mwenye masikio angesikia.

"Niache nifurahi kwanza," alisema. "Utakasirika baadaye, una muda."

Shangazi na wale waliokataliwa walikuwa wanatawanyika bila kelele. Mzee wa koti la sufu alitangulia na wajukuu wake nyuma yake. Niliwatazama mpaka wakaingia kwenye njia ya mashamba. Hakuna aliyelalamika, na utulivu huo ambao kampuni ilisafiri kuutafuta ulikuwa unaondoka pale mbele ya macho ya kampuni. Mpaka leo nikisikia mtu anasema vijana wa huku hawajui kujiuza, namuuliza tangu lini mtu akawa bidhaa.

Pikapu ya kampuni, ikiwa tayari na waliochaguliwa vijiji vingine, iliwachukua wa Makere kwenda Kasulu jioni ile ile. Nilirukia nyuma pamoja nao. Afisa aliniona kwenye kioo, akatikisa kichwa, hakunishusha.

Kasulu tulifika jua bado halijazama. Msimamizi mpya, alivyoagizwa na afisa, alituelekeza nyumba ya vyumba vingi mtaa wa nyuma ya ghala, ambako wafanyakazi hupanga. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi, aliyekuja huku na mumewe mfanyabiashara kutoka pwani na hakuwahi kurudi. Lafudhi yake ilikuwa bado ya Tanga. Alitutazama tulivyosimama uani na mifuko yetu.

"Nyie wa asali?"

"Ndiyo, mama," dada alijibu.

"Karibuni. Vyumba vipo tele. Wenzenu wameondoka wiki hii."

"Wenzetu gani?"

Mama alishangaa kwamba hatujui. Akaeleza huku anachambua mchele, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema habari za mvua. Waliokuwepo walifanya kazi msimu mzima. Msimu ulipokwisha walianza kuuliza mikataba ya maandishi, kama sheria inavyotaka. Kila aliyeuliza aliambiwa kazi imepungua, apumzike, ataitwa. Waliondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alipoondoka, kampuni ikapeleka tangazo vijijini. "Na msimu uliopita ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Mimi nawapokea tu. Wakija wapya wanakuwa wapole, wakishazoea wanauliza, wakiuliza wanaondoka."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya usaili wa Makere. Hakuna kazi iliyoongezeka wala ghala lililopanuka. Tuliitwa kujaza nafasi za watu waliouliza swali. Niligeuka kumtazama dada. Nilidhani atakaa chini alie, au aniulize lori la kurudi ni saa ngapi, na nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumwambia kwamba turudi, kwamba mtu asikubali kutumiwa namna hiyo.

"Mama," yeye alimuuliza mwenye nyumba, "hao waliouliza mkataba, walikwenda pamoja?"

"Hapana. Kila mtu siku yake, kimya kimya, ofisini."

"Kila mtu siku yake," alirudia. Alifikiri. "Jumatatu naanza kazi. Watoto wangu watakula mwezi huu. Nikishajua mlango wa ofisi uko wapi, tutaingia wote siku moja."

"Wote kina nani? Hamjuani," nilisema.

"Si wako hapa hapa?" Aliinua mfuko wake. "Nyumba moja, choo kimoja. Tutajuana."

"Watawafukuza wote."

"Watufukuze wote kwa siku moja, asali ikiwa kwenye madumu. Nani atafungasha? Wewe?"

Mama wa mchele alicheka kwa pua. Akamchomolea dada ufunguo kutoka kwenye kamba ya kiunoni, akamwonyesha chumba karibu na kisima. Mimi akanionyesha cha mwisho, chenye bati lenye tundu na kitanda cha kamba. Akaniuliza nitakaa muda gani. Kwa kawaida swali hilo huwa nalijibu kwa kucheka.

Kutoka uani nilimsikia dada akibisha hodi kwenye mlango wa jirani, akipiga viganja vyake, akimuuliza aliyemo ndani ametoka kijiji gani na ana watoto wangapi. Mlango ukafunguliwa. Akahamia wa pili.

"Chumba nakichukua," nilimwambia mama. "Nataka kuona hiyo siku."

"Siku gani?"

"Hiyo watakayoingia ofisini."

Alinipa ufunguo.